Chupa ya pombe mu nyumba ya kambo

Maji yenye kuchemka ku makala iko na harufu yake. Haiko harufu ya moshi kabisa, haiko ya sufuria kabisa. Iko pale katikati, na inaingia mu mapua polepole. Hii juma umeme ilienda tena, na mutoto ya dada yangu anahara, njo niliwasha mbabula, lile jiko ya makala, pa barza, nikachemsha maji, nikaitosha ku moto, nikaitia chini, nikakaa kungojea ipole. Minye sijue kungojea. Naangalia sufuria, nasimama, nakaa, naangalia tena. Na ile harufu ikanirudisha ku Likasi ya utoto yetu, mu nyumba ya kambo, nyanya yetu, na nikajisikia kuchoka mbele hata sijaanza kukumbuka.

Nyinyi ba umri yangu munaijua ile Likasi, sitabafundisha. Mukumbuke tu vile bakubwa balikuwa banakaa. Babwana ya avenue yetu, mutaa yetu, balikuwa banavaa salopette ya bleu, nguo ya kazi, asubuhi, banaenda ku usine, kiwanda ya kampani, banarudi mangaribi bila kitu. Kisha mposho ikakatika, ule unga na mafuta ya kampani wenye tulizania unatoka ku Mungu. Kisha bakabakia ku nyumba, na salopette ku mwili vile vile, banakaa pa mulango. Cheminée ya usine, ile bomba ndefu, haikutosha tena moshi. Mbingu ikakuwa safi, bleu, ya kupendeza. Siye batoto tulifurahi sana juu ya ile mbingu, na hatukujua mbona bakubwa banaiangalia na uso ya kununa, sawa vile muntu anaangalia mugeni yenye alikuya kukaa mu kiti yake.

Maji ya robinet, ya bomba, nayo ilikuwa inakuya asubuhi sana, inakohoa, inatema kiloko, kidogo tu, ya rangi ya kutu, inaenda. Bantu bakachimba kishima mu parcelle, mu kiwanja ya nyumba. Parcelle haiko kubwa. Kishima hapa, choo pale, na katikati kamba ya kuanika. Batoto bakaanza kuhara, avenue nzima. Ulikuwa unajua nyumba yenye ugonjwa juu ya malinge, bitambaa bya batoto, yenye kuanikwa ku kamba: leo kwa huyu, kesho kwa yule, kisha kwetu.

Kwetu aliharisha Saidi, mudogo yangu. Alikuwa na mwaka moja na kitu, alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Mama alikuwa ametoka kumuachisha kunyonya, njo aliweza kumuacha na kwenda Kapolowe kutafuta mahindi na samaki ya kuuzisha. Papa alikuwa chauffeur, anaendesha camion, lori ya mizigo. Camion ilikufa mu njia, na hatukujua ni njia gani. Mu nyumba tulibakia na kambo, mama ya papa. Bantu yake balitokea Maniema zamani, balifuata biashara na reli, na dini yabo ikakuya nabo. Kambo alikuwa mufupi, mukavu, na hakukuwa anapandisha sauti. Hakuna hata siku moja muntu ya njia alimusikia. Na ilikuwa Ramadhani. Kambo alifunga. Minye sikuwa nafunga bado, lakini mbele ya barafiki nilikuwa natema mate kila mara, basi bajue nimefunga.

Siku ya kwanza kambo alifanya vile anajua. Alimukataza Saidi maji.

“Tumbo inatosha maji,” alisema, “na minye nimuongezee tena maji? Ajaze nini, ndoo ya tundu?”

Alimupatia ukoko ya bukari, ya ugali, akauke tumbo. Saidi hakutaka. Alikuwa analia. Kwanza alilia na machozi, kisha kilio ikabakia na machozi ikaisha. Kati yetu batoto, mwenye kulia bila machozi ni mwongo. Tulikuwa tunamuimbia na kumuchekelea. Nikainama juu ya mukeka, nikamuambia ku sikio: “Saidi, wacha kudanganya. Tunakuona.” Aliniangalia na macho yenye kuingia ndani, sawa macho ya muzee. Hakukasirika hata.

Kesho yake, Mama Béa akakuya kuomba moto. Mama Béa alikuwa jirani, mukristu ya kanisa kabisa kabisa, bwana yake alikuwa ku usine. Alikuwa munene, mwenye kucheka, na mutoto yake mwenyewe alikuwa ametoka ku huo ugonjwa. Alimuangalia Saidi, akaacha kucheka. Akafinya ngozi ya tumbo yake na bidole mbili, akaachilia. Ngozi ikabakia imesimama, sawa kitambaa.

“Mama,” alimuambia kambo, “huyu mutoto anakauka. Anakunywa?”

“Anahara, nitamupatia kunywa namna gani?”

“Mama, njo vile unamupatia! Yenye inatoka, unairudisha. Minye nami nilikuwa sawa weye. Infirmière, ule muuguzi ya dispensaire, alinipigia kelele mpaka nikasikia haya.”

“Basi tumupeleke kwake.”

“Sachet ya dawa ya kuhara haiko. Nilitoka kule, kabati iko wazi na ni buibui tu inakaa ndani. Anafundisha bamama kufanya serumu ku nyumba. Akikosa nguvu ya kunywa kabisa, hapo njo tunakimbia naye. Sikiliza muzuri.” Na Mama Béa akaimba, juu infirmière alibafundisha na wimbo: chupa moja ya maji yenye kuchemka na kupola, sukari bijiko bya kahawa tano, chumvi nusu kijiko ya kukwangula na kisu. Tikisa. “Kisha uonje, mama. Isishinde machozi. Ikishinda machozi ku chumvi, uimwange yote, hiyo inaweza kumumaliza.”

“Minye nimefunga.”

“Si unaonja tu na kutema?”

“Mwalimu ya musikiti anasema inaweza. Minye sitaki.”

“Bon. Basi Zaina aonje. Huyu iko anafunga saa ya kuangaliwa tu.” Akanikonyezea jicho, akaenda na makaa yake ya moto ku kijembe.

Hapa sasa munisikilize, juu njo hapa bintu iliharibika, na ni siye tu tungeweza kuiharibu namna ile. Mu Likasi, muntu akisema chupa, kila muntu anajua chupa gani. Ni ile kubwa ya pombe, ya rangi ya chai. Mafuta inapimwa na ile, petroli inapimwa na ile, karanga inapimwa na ile. Kila nyumba ilikuwa nayo, isipokuwa yetu. Kwa kambo, pombe haikupita mulango, na chupa yake haikupita, na muntu mwenye kunuka ile alipewa chai yake inje, hata angekuwa patron, mukubwa ya kazi ya papa. Kambo akatafuta chini ya meza, akapata chupa ya sucré, ya soda, yenye ilibakia ku sikukuu, ile ndogo ya mukono moja. Akaiosha. Kwake chupa ilikuwa chupa. Akajaza maji, akatosha kapaketi ya sukari yenye alikuwa anachunga kwa uji ya futari, akapima bijiko tano, akakwangula nusu kijiko ya chumvi na kisu, Bismillahi, akatikisa.

“Zaina. Kuya.”

Nikaonja. Nikasema: “Kambo, machozi iko namna gani?”

“Weye haujue machozi? Haukuliaka?”

“Nilisahau.”

Kambo akanishika sikio, akaifinya, akaigeuza sawa bantu banafunga robinet. Nikalia. “Usipanguse!” alisema. “Onja mbio, mbele haijakauka.” Nikatosha ulimi, nikaonja machozi yangu, kisha nikaonja chupa, kisha machozi.

“Kambo, ya chupa inashinda.”

“Kiloko ao mingi?”

“Mingi.”

Aliangalia chupa. Aliangalia kisu. Alijua alipima muzuri, na kweli alipima muzuri. “Ni sababu yako weye,” alisema. “Machozi ya batoto iko ya maji-maji. Munalia juu ya mukate, munalia juu ya kuoga. Chumvi itatoka wapi?”

Na minye nilimuamini. Niliona ni haki kabisa: bakubwa beko na mambo mingi ya kulilia, lazima machozi yabo iko na nguvu, sawa chai yenye kukaa siku mbili. Nikafikiri Saidi alikosa machozi, basi tunamutafutia mengine, na siwezi kumupimia na yangu ya bure. Nikasema:

“Basi lia weye, kambo, nionje.”

Kambo aliangalia mukeka. Mukono yake ilikuwa juu ya kifua ya Saidi, inapanda na kushuka kidogo sana.

“Minye yangu nilimaliza,” alisema.

“Yote?”

“Yote. Lete kitunguu.”

Alikata kile kitunguu ya futari karibu na macho, sawa muntu anasoma barua. Ilikawia. Kambo hakukuwa mwenye kulia bure, hata kitunguu ilimupigania. Kisha machozi ikashuka, moja upande huu, moja upande huu. Nikakuwa na wasiwasi. “Kambo, hii ni ya kitunguu. Haiko ya kweli.”

“Onja, weye mutoto!”

Nikamupanda ku magoti, nikalamba shavu yake. Ngozi ilikuwa baridi na laini, na bumbi ya njia. Na kile kitu njo ilinishangaza kushinda yote mu ile siku: machozi ya mukubwa ilikuwa sawa yangu. Sawa sawa. Haikushinda hata kiloko. Nilikuwa nangojea kitu kikubwa, na hapakuwa kitu. Hata leo, nikiona muntu mukubwa analia, kile kinanirudilia ku ulimi.

“Kambo, iko sawa yangu.”

Ni pale Mama Béa alirudi, akatukuta: kambo na kisu na kitunguu mu mukono, minye juu yake na ulimi inje.

“Yo! Mama! Zaina anakukula, na jua haijashuka?”

Hakuna mwenye alicheka. Akaona chupa. Akamimina kiloko mu kiganja, akaonja, akatema mpaka ku ukuta.

“Hii ni ya kukausha samaki! Mulimupatia?”

“Bado.”

“Mungu asifiwe. Mulipima na nini?”

“Na chupa,” kambo alisema.

“Chupa gani?”

Nikamuonyesha. Mama Béa alifungula kinywa acheke, akaifunga. “Mama, hii ni ya sucré. Infirmière anasema chupa, ni ile ya pombe. Hii inaingia mu ile mara mbili, na nafasi inabakia. Ungemutia mutoto chumvi ya nyumba mbili.” Akashika mulango. “Nalete yangu.”

“Haiingie hapa.”

“Mama.”

“Haiingie. Tena mu Ramadhani.”

“Mama, hii chupa yangu haikuonja pombe tangu kampani iliacha kulipa. Hata bwana yangu alisahau harufu. Nitaiosha na majivu, na mchanga, na maji ya moto.”

“Osha mpaka kesho. Ni ya pombe.”

“Basi ongeza tu maji, upime na macho.”

“Macho gani? Yangu inaona vizuri, ona pale imetufikisha.” Akamuonyesha kapaketi. Sukari ilibakia ya kufanya mara moja tu. Mu avenue yetu sukari ilikuwa ya kusikia ku hadisi; hakukuwa nyumba ya kuomba. Tukikosea tena, imeisha.

Balibakia hivi, moja ndani, moja inje, na minye katikati, na nilikuwa nawaka. Sijue kungojea, nilibaambia ku mwanzo. Nikarudi ku mukeka. Saidi alikuwa amelala na macho nusu wazi, nzi inatembea ku mudomo yake na yeye haifukuze. Nikamuita. Nikamutikisa mukono. Mukono ilikuya yote, na ikarudi yote, bila yeye.

“Kambo! Saidi anakataa kuamuka!”

Kambo alikuya, akamufinya chini ya muguu. Saidi alirudisha muguu polepole, sawa anafikiri kwanza. Kambo akavaa sandali. Mama Béa akasema: “Kaa, mama, minye nailete.” Kambo akasema: “Hapana. Kama ni zambi, niibebe minye mwenyewe, mu mwangaza ya muchana. Weye chemsha maji ingine.”

Nilimufuata. Alivuka njia, akaingia kwa Mama Béa, akatoka na ile chupa, anaishika ku shingo, mbali na nguo, sawa muntu anabeba kuku yenye inajitupa. Pa kona balikaa bale bijana benye hawakuwa na kazi ya kuenda. Moja akapiga muluzi.

“Eee kambo! Futari ya leo iko ya povu?”

“Ee,” kambo alisema, bila kusimama. “Kuyeni na mbuzi ya kuchoma.”

Bakainamisha bichwa, sawa balimwangiwa maji.

Aliisugua na majivu mpaka bidole yake ikakuwa nyeupe. Tukangojea maji ipole. Mama Béa alikuwa anaipepea na kifuniko, na minye naipulizia. Kisha chupa ikajaa mpaka ku shingo, sukari yote ya mwisho ikaingia, chumvi ya kukwangula, na kambo mwenyewe njo aliitikisa. Nikaonja. Sikungojea kufinywa. Nikasema: “Njo yenyewe.”

Nilizania sasa tumemaliza. Batoto banazania dawa ni kitu unamupatia muntu na anasimama. Kambo alimupakata, akamutia kijiko moja. Saidi alimeza. Kijiko tena. Tena. Nikasema: “Kambo, tumupatie na kikombe, iishe.” Mama Béa alitaka kunijibu, lakini kambo alikuwa tayari amechoka, akajaribu na kikombe. Saidi alikunywa na pupa, akatapika yote juu ya mukono yake.

“Iache ipite kiloko,” Mama Béa alisema. “Kisha unaanza tena. Kijiko, unapumuzika. Kijiko, unapumuzika. Anatapika, unangojea, unaanza. Ni ile tu, mama. Hakuna ingine.” Alikuwa na batoto yake ya kupikia. Pa mulango akageuka: “Akikojoa, unitangazie. Mutoto yenye kukauka hakojoe. Mukojo haiko ku malinge yake tangu asubuhi, niligusa.”

Na ile muchana haikuwa na mwisho. Minye leo nasikia bantu banasema serumu ni kitu rahisi, maji na sukari na chumvi, na nakasirika. Rahisi ni kuikoroga. Kumupatia ni kazi ya kuchosha kushinda kulima, juu mwenye kulima anaona pale alifika. Jua iliingia ku dirisha, ikatembea ku ukuta, kambo akasogeza mukeka, jua ikamufuata. Hakukula tangu mbele ya mapambazuko. Midomo yake na midomo ya Saidi ilikuwa rangi moja. Aliinua kijiko, akaipeleka, akaiangalia ikishuka ku koo, akangojea. Kisha maji ikaanza kumwangika ku kidevu ya Saidi.

“Nikusaidie, kambo.”

“Weye utamukimbiza.”

Kisha mukono yake ikakataa kabisa, na akanipatia kijiko. Nikamupatia Saidi. Mara ya kwanza nilijisikia mukubwa. Kisha nilichoka. Kisha nikachukia kijiko, nikachukia chupa, nikamuchukia Mama yenye alienda Kapolowe, na camion ya papa. Inje barafiki balikuwa banacheza, nilisikia jina yangu. Kambo akasema tu: “Ingine.” Nikampatia ingine. Alihara tena, tukamupangusa, tukaanza. Sikujua kama anapona ao kama tunamusindikiza. Kambo naye hakujua, niliona hakujua, na ile iliniogopesha kushinda macho ya Saidi. Lakini kila mara alisema ile neno moja, bila kupandisha sauti: “Ingine.”

Jua ikashuka. Azana ikatoka ku musikiti, mbali, juu ya mabati. Siku zingine, kambo alikuwa anafungula na uji ya sukari. Siku ile sukari ilikuwa mu chupa ya pombe, na chupa ilikuwa karibu na mwisho. Kambo alichukua kijiko mu mukono yangu, ile ile yenye ilitoka mu kinywa ya Saidi, akaijaza, akasema Bismillahi, akakunywa. Akakunywa ya pili. Kisha akairudisha kwa Saidi.

Alikuwa amejifunika kitambaa yake nyeupe ya kuswalia, tayari, ameoga mikono na miguu, anangojea tu nimupokee mutoto. Nikanyoosha mikono. Ni pale niliona ile kitambaa inageuka rangi ku magoti, alama ndogo, kisha kubwa, kisha inashuka ku mukeka.

“Kambo! Anakuchafulia! Mulete mbio!”

“Mwache.”

“Kambo, na swala?”

“Nimesema mwache. Amalize.”

Hakusimama. Alikaa mu ile maji ya moto-moto, mikono yake yote mbili imefunika Saidi, na macho imefungwa, na nikazania amelala. Kisha akageuza kichwa upande ya dirisha, akajaza kifua, na kambo yangu, yenye hakuna muntu ya njia alimusikiaka, akapiga kelele mpaka kuku za Mama Béa zikaruka:

“Anakojoa! Mama Béa! Anakojoa!”

“Anakojoa?” ikarudi kutoka ngambo ya njia.

“Anakojoa! Mingi!”

Na Mama Béa akapokea, akaipeleka ku nyumba ingine, na muntu kule akapiga kigelegele, na bale bijana ya pa kona bakaanza kupiga mikono. Minye nikakimbia kufunga mulango, juu nilisikia haya.